Sihiri ya Kontra: Juu ya Mtu wa Agano katika Mchezo wa Mezani, na Jina Analostahili kwa Kiswahili

Makala haya yametokana na tafsiri. Mwanafunzi mmoja wa idara yetu hapa Kolwezi aliniletea daftari alimokuwa amefasiri kwa Kiswahili sura moja ya kanuni za mchezo wa Kimarekani uitwao Dungeons & Dragons, akaomba nimsahihishie. Sura yenyewe inamhusu mhusika aitwaye kwa Kiingereza warlock, na mfasiri alikuwa amempa jina la mlozi. Viambishi na alama za vituo nilizisahihisha bila taabu. Neno hilo moja lilinishinda kulipitisha, na sababu zake ndizo ninazokusudia kuzieleza hapa. Simlaumu mwanafunzi; amejaribu kazi ambayo sisi walimu wake hatujaigusa.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huo, yafaa kueleza kwa ufupi. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Watu huketi mezani, kila mmoja akisema na kutenda kwa niaba ya mhusika wake, na mmoja wao, tutakayemwita mwendeshaji, akisimulia ulimwengu na kuamua yatokeayo. Panapokuwa na shaka, dadu yenye nyuso 20 hutupwa. Miongoni mwa wahusika wamo watu wa sihiri wa aina mbalimbali: yuko msomi aliyejifunza katika vitabu, yuko mtumishi wa mungu fulani, na yuko huyu wetu, ambaye uwezo wake ameupata kwa kufunga agano na kiumbe mkuu kuliko yeye. Alionekana kwanza katika kitabu cha nyongeza mwaka 2004, akaingia katika kitabu kikuu mwaka 2008. Sura aliyoishika mwanafunzi wetu ni ya toleo la 2014, ambalo lilifanyiwa marekebisho mwaka 2024.

Sasa, sihiri ya mtu huyu hutendaje kazi? Hapa ndipo kanuni zinapopendeza, na naomba niruhusiwe kukaa kidogo. Kila mwenye sihiri ana mafungu, yaani idadi ya mara anazoweza kuitumia sihiri kabla ya kupumzika, na mafungu hayo yana madaraja. Msomi aliyefika ngazi ya 9 ana mafungu 14: manne ya daraja la kwanza, matatu la pili, matatu la tatu, matatu la nne, na moja la tano. Yampasa achague asubuhi sihiri atakazozihitaji, na mafungu yake hayarudi kwa ukamilifu ila baada ya mapumziko marefu ya saa 8. Mtu wa agano wa ngazi hiyo hiyo ana mafungu mawili tu. Lakini yote mawili ni ya daraja la tano, hana fungu dogo, na kila atumiapo sihiri ya chini hulazimika kuitoa kwa nguvu ya juu. Juu ya hayo, mafungu yake hurudi baada ya mapumziko mafupi ya saa 1. Huanza na fungu moja katika ngazi ya kwanza, huwa na mawili kuanzia ngazi ya 2, matatu kuanzia ya 11, na manne kuanzia ya 17; hayazidi hapo. Sihiri za daraja la 6 hadi la 9 hupewa moja moja, kila moja kwa matumizi ya mara moja kati ya mapumziko marefu mawili.

Msomaji wa Katanga hatakosa kuitambua hesabu hii. Msomi ni mtu mwenye ghala: analo la kuweka na la kutumia, akiishiwa hungoja usiku upite. Mtu wa agano ni mtu wa posho. Hapewi ghala. Hupewa kipimo kidogo kisichochagulika, akimaliza zamu na kupumzika hupimiwa tena, na kipimo hukua kwa kadiri ya cheo alichopandishwa na mwenye kazi. Babu zetu walioingia Union Minière kwa mikataba ya miaka 3, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1920, waliijua hali hiyo pasipo kuwa na sihiri yoyote: nguvu ni yako, kipimo ni cha bwana. Sidhani waandishi wa mchezo waliifikiria migodi ya shaba, lakini wamechora kwa tarakimu uhusiano ambao riwaya nyingi za mashetani huueleza kwa maneno mengi na hauonekani.

Kwa bahati mbaya, palipo na tarakimu ndipo ufundi wao unapokomea. Bwana mwenyewe ni kimya. Mchezaji humchagua katika orodha: mkuu wa majini wa msituni, ibilisi, au kiumbe cha kale kisichofahamika. Akishachagua, hakuna kanuni inayosema bwana huyo anadai nini, wala lini, wala adhabu ya kuvunja agano ni ipi. Yote yameachwa kwa mwendeshaji. Mishahara imeandikwa, wajibu haukuandikwa. Marekebisho ya 2024 yameongeza ajabu nyingine: mafungu hutolewa tangu ngazi ya kwanza, na aina ya bwana hutajwa katika ngazi ya tatu. Mtu anakula posho kabla hajaambiwa ameajiriwa na nani.

Linganisha na jambo tunalolijua sisi wa magharibi ya Lualaba. Nilizaliwa Kisenge, mji uliojengwa na manganisi, ambao njia yake ya bahari ilikatika reli ya Benguela ilipofungwa mwaka 1975. Majirani zetu ni Warund na Wachokwe, na kwa Wachokwe mpiga ramli huitwa tahi. Tahi hamchagui bwana wake. Huanza kwa kuugua, ugonjwa hautibiki, hatimaye hugunduliwa kwamba ameshikwa na hamba, yaani roho ya mzee wa ukoo aliyekuwa tahi, ambaye anataka kazi yake iendelezwe. Mgonjwa hupona kwa kukubali. Victor Turner alieleza hali inayofanana na hiyo miongoni mwa Wandembu wa Zambia, ndugu wa Walunda wetu. Agano hapa halianzi kwa tamaa ya mtu, huanza kwa dai la roho, na malipo hutangulia kipawa. Katika mchezo kipawa hutangulia, na malipo huenda yasije kamwe.

Tahi naye ana kitu kinachofanana na dadu. Ni kikapu, ngombo ya cisuka, chenye sanamu ndogo za miti, mbegu, makucha, vipande vya mifupa na vinginevyo. Hukitikisa, kisha hutazama vipi vimepanda juu na vimekaa vipi kwa jirani zao. Dadu ya mezani hufanya kazi tofauti kabisa: huuliza tu kama kizingiti kimevukwa au la. Kizingiti cha mtu wa agano ni 8, ukiongeza nyongeza ya ustadi, ukiongeza nyongeza ya haiba yake. Mwanzoni, mwenye nyongeza ya ustadi ya 2 na ya haiba ya 3 ana kizingiti cha 13. Adui asiye na kinga yoyote huponyoka kwa nyuso 8 kati ya 20, na kunaswa kwa 12. Dadu haisemi zaidi ya hapo. Kikapu husema sentensi nzima, na wenye shida walioketi mbele yake hushiriki kuitunga kwa kukubali au kukataa. Nakiri kwamba haiba kufanywa chemchemi ya sihiri ni wazo zuri: mtu aliyesimama mbele ya bwana kwa mdomo wake hana budi kuwa na uso wa kusimama nao.

Nije kwenye maneno, ambayo ndiyo kazi yangu. Kitabu cha 2014 kinasema kwamba sihiri nyingi zahitaji kutamkwa, lakini nguvu haimo katika maana ya maneno. Imo katika sauti, kiwango chake na mvumo wake. Kauli hii imenisumbua. Malinowski, katika kitabu chake cha 1935 juu ya bustani za Watrobriand, alijitahidi kuonyesha kwamba hata maneno ya uganga yanayoonekana hayana maana yana maana kwa namna yake. J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapwa mwaka 1962, alionyesha kwamba yako matamko ambayo kuyasema ni kuyatenda, mradi asemaye awe ndiye anayestahili na mahali pawe ndipo. Mchezo umeyatupa yote hayo na kubakiza kelele.

Hata hivyo, ukisikiliza mezani badala ya kusoma kitabu, utaona kwamba tamko lenye nguvu lipo, ila limehamia pengine. Ni sentensi ya kawaida ya mchezaji. Nimeketi jioni kadhaa na wanafunzi wanaocheza kwa Kiswahili cha Kolwezi, na nilichokisikia ni mvutano wa njeo. Mwenye hofu husema «nitupe?», kwa dhamira tegemezi, akiomba ruhusa. Mwenye uhakika husema «mi natupa». Mjanja husema «nimesha tupa», ili jambo lionekane limepita na mwendeshaji asiweze kulizuia. Mwendeshaji hodari huikubali ya pili, huijibu ya kwanza, na huikataa ya tatu, kwa kuwa dadu haijaanguka. Katika vita hivyo vidogo vya viambishi kuna uganga mwingi kuliko katika sura nzima ya kitabu, na ningependa mwanafunzi fulani auandikie tasnifu.

Fasihi yetu iliwahi kuyaona yote haya. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, mtu anachukuliwa na Hongo, anatoka mtoni akiwa na maji na neno, kisha neno linamponyoka. Wafuasi wanataka kuitumia sihiri kabla bwana hajaruhusu, na mwenye agano anagundua kwamba hana tena mamlaka juu ya kile alichokitamka. Hilo ndilo fumbo ambalo kanuni za mafungu haziwezi kuligusa: kwamba sihiri ikishaaminiwa na wengi haihesabiki tena. Na katika Mashetani ya mwandishi huyo huyo, ya mwaka 1971, vijana wawili wanaigiza, mmoja Shetani na mwenziwe Binadamu. Ni mchezo tu. Lakini mmoja wao, Kitaru, haumwachi. Unamfuata hadi nyumbani na kumtia maradhi.

Namtaja Kitaru kwa makusudi. Wanafunzi niliowaeleza walikuwa wamepanga chumba katika mtaa mmoja wa mji huu. Usiku mmoja mwenye nyumba alipita dirishani akamsikia mpangaji wake akisema kwa sauti, «Miye niko mulozi wa ngazi ya tano.» Asubuhi wakaambiwa watafute pengine. Mama yule hakuwa mjinga. Aliisikia sentensi sahihi ya nafsi ya kwanza, wakati uliopo, isiyo na alama yoyote ya kuigiza, na katika mji huu sentensi hiyo ni ungamo. Vijana waliteseka kidogo, wakapata chumba kingine. Wapo wanaoteseka zaidi kwa neno hilo. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayomlinda mtoto nchini Kongo, ilibidi imtaje waziwazi mtu anayemsingizia mtoto ulozi, na kumwekea adhabu, kwa sababu watoto walikuwa wakifukuzwa majumbani kwa tuhuma hiyo.

Hata hivyo, pingamizi langu halitokani na hofu peke yake. Neno lenyewe halifai. Mlozi latokana na mzizi wa Mame-Bantu wenye maana ya kudhuru kwa siri; g ya loga hugeuka z mbele ya i ya mtenda, na kadhalika katika lugha nyingi za jamaa yetu. Hakuna ndani yake bwana, wala agano, wala kipimo. Mlozi hana mapumziko mafupi. Warlock kwa asili yake ni neno la Kiingereza cha kale, lenye sehemu mbili: wær, ahadi, na loga, mwongo, basi ni mvunja ahadi. Naonya mapema kwamba loga hiyo na loga yetu hazina udugu, zimefanana kama wapitanjia wawili waliovaa kofia za aina moja. Mchezo umeligeuza neno: aliyekuwa mvunja agano amekuwa mfunga agano.

Mganga je? Kwa mtu wa pwani lingefaa, maana kuganga ni kufunga na kutibu. Lakini Kisenge halifai hata kidogo, kwa kuwa katika Kichokwe nganga ndiye mchawi mwenyewe, na mponyaji ana jina jingine. Mzizi ni ule ule, maana imepinduka. Mfadhili, ambalo mwanafunzi amelitumia kwa yule bwana, lina harufu ya miradi na magari meupe, ingawa naona linachekesha kwa namna inayostahili.

Kwa Kiswahili sanifu napendekeza mtu wa agano, nikijua kwamba Wakristo watasikia Biblia ndani yake. Mezani wanafunzi wenyewe, tangu walipohama, wameanza kusema mutu wa kontra, na sijapata jina lililo sahihi zaidi ya hilo. Ukurasa wa mafungu katika tafsiri yake sikuubadili. Kichwa cha sura nimekizungushia duara kwa penseli, nikamrudishia daftari lake.