Mwisho wa Injili ya Marko: Sarufi inasemaje?

Wapo wasomaji wanaoudhika wakiambiwa kwamba aya 12 za mwisho za Injili ya Marko (16:9-20) zina utata. Utata huo si wa juzi. Hati mbili mashuhuri za Kigiriki za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, hukomea aya ya 8, wanawake wakilikimbia kaburi kwa hofu. Hata hivyo, Irenaeus aliinukuu aya ya 19 katika karne ya 2. Basi aya hizi ni za kale. Swali ni je, zilitoka wapi?

Katika kitabu chake *Miracle and Mission* (2000), James Kelhoffer anadai kuwa mtu mmoja alizitunga kati ya mwaka 120 na 150, akichota kutoka Injili nyingine ili kuikamilisha ya Marko. Kuhusu kuchota, nakubaliana naye. Wale wawili wanaotokewa njiani wanatukumbusha safari ya Emau katika Luka. Namsifu pia kwa kutotosheka na kuhesabu maneno mageni, kwani kifungu kifupi chochote chaweza kuwa nayo.

Ninapotofautiana naye ni pale aya ya 8 na ya 9 zinapokutana. Hebu tutazame. Aya ya 8 inawahusu wanawake. Ghafla, katika Kigiriki, aya ya 9 inaanza na mtendaji mmoja, mwanamume, asiyetajwa jina. Ni sawa na kusema "waliogopa", kisha "alipofufuka". Kiambishi *a-* kinamrejelea nani? Isitoshe, Mariamu Magdalene anatambulishwa upya kuwa ndiye aliyetolewa pepo saba, ilhali ametajwa katika aya ya 1. Nayo Galilaya, iliyoahidiwa katika aya ya 7, haisikiki tena.

Je, mtu anayetunga mwisho wa Marko makusudi angeyaacha haya? Sidhani. Naona dalili za kipande kilichokuwepo tayari, kisha kikapachikwa.

Kuna atakayeuliza, haya yana faida gani? Aya ya 18 inazungumzia kushika nyoka. Huko Marekani, mhubiri George Hensley, aliyeieneza desturi hiyo, alikufa mwaka 1955 baada ya kuumwa na nyoka ibadani. Simwambii mtu azifute aya hizi, maana kanisa lilizipokea kitambo. Ila anayezifundisha ana wajibu wa kuonyesha kiraka kilipo.