Swali la Pili: Dayalojia katika Kigogo na katika Darasa la Fasihi

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa, chukua karatasi yoyote ya 102/3 ulitazame swali la dondoo. Unaulizwa muktadha, alama nne: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Wanafunzi wetu wa Kericho na Bomet hulijibu kwa wepesi kwa kuwa miongozo imewakaririsha. Msemewa, hata hivyo, huishia kuwa jina tu. Alijibu nini, na jibu lake lilimgusa vipi aliyesema? Hapo kalamu hunyamaza. Tamthilia, utanzu ambao umbo lake lote ni majibizano, inasomwa kana kwamba ni mkusanyiko wa hotuba.

Hili si suala la mtihani pekee. Ni suala la falsafa ya elimu. Paulo Freire wa Brazil aliikosoa elimu inayomgeuza mwanafunzi kuwa kasha la kuwekea akiba ya mwalimu. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. H. Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mwaka 1995, aliwaendea wazee wenye hekima na kuzungumza nao, kazi iliyozaa kitabu Sage Philosophy mwaka 1990. Alimtofautisha mzee anayekariri aliyoyapokea kutoka kwa jamii na mzee anayeyapima. Swali la kwanza huenda wote wakalijibu vizuri. Tofauti hudhihirika pale mtafiti anapouliza la pili: kwa nini iwe hivyo, na wewe mwenyewe waonaje?

Tuiangalie sasa Kigogo ya Pauline Kea, iliyoanza kutahiniwa mwaka 2018 na ambayo tayari imeipisha Bembea ya Maisha. Kenga anapofika karakanani kumshawishi Sudi akubali kazi ya kuchonga, anazungumza sana ila hajadiliani. Jibu analolitaka amekuja nalo. (Sisi walimu tunayo yetu ya namna hiyo: “Tumeelewana?” nalo darasa zima huitikia “Ndiyo!”) Dayalojia halisi iko kati ya Sudi na Boza, wachongaji wanaogombana huku mikono ikiendelea na kazi. Miongozo humwita Boza kibaraka na kusonga mbele. Kwa maoni yangu huko ni kumwonea. Mkewe, Asiya, anapata riziki kutokana na utawala uleule ambao Sudi anaupinga. Anayemtetea Majoka hapa anatetea pia chakula cha nyumbani kwake, na Sudi hana budi kumjibu Boza kama mtu mwenye hoja, hata kama hoja yenyewe ni ya tumbo.

Mwanafunzi wa huku kwetu analielewa jambo hili kuliko anavyodhani. Mwezi Mei mwaka 2023, mashine za kuchuma chai zilichomwa Kericho. Katika darasa moja anaweza kuketi mtoto wa mama aliyepoteza kazi ya kuchuma kwa mikono, na kando yake mtoto wa baba anayeendesha mashine hiyo. Mpe mmoja sehemu ya Sudi na mwingine ya Boza. Waache wasome, kisha wafunge vitabu waendelee kwa maneno yao. Kiswahili kitayumba, kitachanganyika na Kikipsigis. Vumilia, sahihisha baadaye. Mwalimu atakayekimbilia kutangaza mshindi atakuwa amegeuka Kenga.

Utaniambia muda hautoshi, na silabasi ni ndefu. Kweli. Lakini kipindi kimoja cha namna hii kinatosha kwa onyesho la kwanza, na mtahiniwa aliyewahi kuwa Boza kwa dakika arubaini hahitaji kukaririshwa sifa zake.

Pagumu zaidi ni Mangweni. Tunu anawaendea walevi, Ngurumo anamkejeli, wengine wanacheka. Je, hiyo nayo ni dayalojia? Wapo wanaosema imeshindikana, kwa kuwa hakuna aliyeshawishika papo hapo. Mimi naona Kea amefanya uamuzi wa makusudi kumpeleka mwanaharakati wake mahali asipoheshimiwa, penye wasikilizaji walio huru kumcheka. Majoka hakubali kuwa na wasikilizaji wa aina hiyo. Halafu mwishoni Kingi, askari, anaamriwa kuwafyatulia watu risasi naye anakataa. Mtahiniwa ataandika “mwajibikaji” na kupata alama yake. Muulize la pili: Kingi hakuwa Mangweni, wala hakufundishwa na Tunu, ujasiri huo ameutoa katika mazungumzo ya nani?