Kuihoji Ardhi ya Bwera

Anayetaka kujua historia ya mashamba ya Bwera huanza kwa kuipa Bwera kisogo. Hupanda gari kwenda kaskazini hadi Fort Portal, kwa sababu mpaka mwaka 1974 milima hii yote ya Rwenzori, upande wa Uganda, ilihesabiwa kuwa sehemu ya wilaya ya Toro, na karatasi zake zikabaki huko. Leo nyaraka hizo za Kabarole zinatunzwa katika Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon. Kijana mwenye barua ya utambulisho hufungua jalada moja baada ya jingine: kodi, pamba, malale, mipaka ya misitu, malalamiko ya machifu. Jioni hutoka na vumbi puani na jambo moja la kumkosesha usingizi. Walioandika habari za Wakonzo, wenyeji wa milima hii, karibu wote hawakuwa Wakonzo.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na ndiyo kazi ninayotaka kuisifu: kazi ya mtafiti chipukizi wa ikolojia na historia ya mazingira, yule ambaye bado hana jina, ana tasnifu ya kuandika na viatu vya kukwea mlima. Wengi humdhania mhesabu ndege au mchuma majani. Mimi namwona kama hakimu ambaye sheria imemkataza kumfukuza shahidi yeyote barazani.

Tazama uwanda ulio kusini mwa mji wa Kasese. Msafiri anayepita barabara ya Katunguru huona nyasi, tembo na nyati, akaamini kwamba hivi ndivyo dunia ilivyokuwa kabla ya binadamu. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikapewa jina la Malkia Elizabeth mwaka 1954, ikaitwa Rwenzori enzi za Amin, kisha jina la malkia likarudi. Lakini kabla ya majina yote hayo palikuwa na wafugaji wa Kisongora na ng'ombe wao. Sotoka ya miaka ya 1890 iliwamaliza ng'ombe. Malale yakafuata, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka kandokando ya maziwa Edward na George. Waliochora mipaka ya hifadhi baadaye walikuta ardhi iliyokwisha kuondolewa wenyewe. Katwe, Hamukungu na Kahendero vingali vijiji ndani ya hifadhi hadi leo, na mkazi wa huko hahitaji profesa wa kumwambia kwamba pori hili lina historia ya watu.

John Ford, aliyetumia maisha yake kuchunguza mbung'o wa Afrika, aliliandika jambo hili kwa upana katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya nafasi ya magonjwa yaenezwayo na mbung'o katika ikolojia ya bara hili. Miaka sita baadaye Helge Kjekshus akafanya kazi ya jirani na hiyo, zaidi kuhusu Tanganyika. Huvipendi vitabu hivyo? Basi vibishie, lakini kwanza visome.

Sisemi kwamba wanasayansi wa Mweya, humo hifadhini, hawakujua kitu. Mwaka 1961 ilianzishwa pale kambi ya utafiti wa ikolojia ya wanyama kwa fedha za Nuffield, chini ya Richard Laws, na vijana waliopitia pale walifanya kazi ninayoiheshimu sana: walipima nyasi. Viboko walikuwa wameongezeka hadi ardhi ya kando ya maji ikabaki tupu, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 maelfu yao walipigwa risasi kwa mpango, huku watafiti wakiandika ni wapi majani yanarudi na ni majani gani. Kisha ikaja miaka ya 1970, bunduki na pembe za ndovu. Ilipofika mwaka 1980, tembo waliokuwa maelfu katika hifadhi ile walikuwa wamebaki kama 150, na vichaka vikashika sehemu zilizokuwa wazi. Tunaweza kuyasimulia haya kwa uhakika kwa sababu mtu fulani alipigilia vigingi kuzunguka mraba, akapiga magoti juani, akaandika tarehe.

Juu mlimani shahidi ni tope. Ziwa Mahoma liko kwenye kimo cha karibu mita 3,000, limezungukwa na vifusi vilivyosukumwa na barafu ya kale. Daniel Livingstone, aliyekuwa amejiundia mwenyewe chombo cha kuchota tope la chini ya maziwa, alilipeleka bomba lake hadi pale, akatoa mashapo yanayorudi nyuma kiasi cha miaka 15,000. Matokeo aliyachapisha mwaka 1967. Fikiria kazi iliyo kati ya kuchota na kuchapisha. Kila kipande cha tope husafishwa kwa kemikali kali mpaka ibaki chavua, kisha chavua huhesabiwa chini ya darubini, punje kwa punje, mamia kwa mamia: hii ya mti huu, hii ya mti ule, hii ya nyasi. Hakuna anayekupigia makofi. Lakini ukimaliza, msitu uliokufa kabla ya Misri kuwa na mafarao umekutajia miti yake.

Henry Osmaston namkumbuka kwa sababu nyingine. Alikuwa afisa misitu, mwenye majukumu ya kila siku ya idara yake, na swali lililomkaa kichwani juu ya mlima alioutazama. Tasnifu yake ya Oxford ya mwaka 1965 ilihusu hali ya hewa na mimea ya Rwenzori, ya kale na ya sasa. Hakuliacha swali hilo. Mwaka 2002, pamoja na Georg Kaser, alitoa kitabu juu ya barafu za ukanda wa joto. Mwaka 1906, Vittorio Sella alipopanda na msafara wa Duke wa Abruzzi na kamera yake, barafu ya Rwenzori ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5. Mwaka 2003 ilikuwa haifiki hata moja. Picha za Sella hazikupigwa kwa ajili ya kupima kuyeyuka, lakini mtafiti anayekwenda kusimama alipokuwa amesimama Sella huzigeuza kuwa ushahidi.

Sasa turudi Bwera, maana shahidi mgumu kuliko wote yuko huko, kwenye miteremko ya kahawa juu ya mto Lhubiriha, na anakunywa chai. Kijana asiyefundishika atamuuliza: "Mzee, mwaka 1960 msitu ulikuwa na ukubwa gani?" Hatapata kitu. Aliyefundwa atauliza alipotegea pimbi akiwa mvulana, walikokata mianzi, na mama yake alichota maji wapi. Kisha ataomba waende pamoja wakapaone. Tarehe hupatikana kwa kupachika simulizi kwenye matukio: kabla Isaya Mukirania hajaanza harakati za Rwenzururu, za kujitenga na Toro, mwaka 1962, baada ya mtetemeko wa Machi 1966, tulipokimbilia kambini, baada ya waasi kuvamia Mpondwe Novemba 1996. Na akisikia habari za Kitasamba, mungu anayekaa kwenye theluji, asizifungie katika sura ya mila. Mahali palipoogopwa ni mahali ambapo panga halikufika, na jambo hilo linapimika.

Mzee naye ana maslahi. Mlima ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na shamba linalopakana na hifadhi lina kesi ndani yake hata kama halijafika mahakamani. Kwa hiyo kijana huandika aliyesema, alisema mbele ya nani, na angepata nini kama angeaminiwa. Barua ya chifu wa mwaka 1930 inastahili maswali hayo hayo. Ramani ya hifadhi pia.

Nani atanufaika na uangalifu huo? Walioko bondeni Kilembe. Mto Nyamwamba ulipofurika tarehe 1 Mei 2013, na tena Mei 2020, kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake: mvua, moto wa mlimani, walima miteremko, mabaki ya mgodi wa shaba uliofanya kazi tangu miaka ya 1950 hadi 1982. Mto unaopita kwenye malundo ya taka za mgodi kisha ukaingia mashambani unahitaji mtu mwenye subira ya kutenganisha sababu hizo, kwa sababu fidia, makazi na usalama wa mboga za watu hutegemea jibu.

Lipo jambo linaloniudhi. Msaidizi wa uwandani, anayejua kila mti kwa Kikonzo na kila njia ya mkato, huishia kwenye mstari mmoja wa shukrani, na nakala ya tasnifu hairudi Bwera. Jina lake liandikwe kwenye makala kando ya la mtafiti, na nakala ipelekwe kwenye shule iliyo karibu.

Waliokuwa wavulana na wasichana wakati hifadhi ya uwandani inatangazwa mwaka 1952 sasa wanakaribia miaka tisini. Mwanafunzi wa Makerere au wa Fort Portal anayezungumza Kikonzo cha nyumbani achukue kinasa sauti likizo hii. Aulize parokiani, kwenye shule kongwe na kwenye vyama vya ushirika vya pamba na kahawa ni vitabu gani vingali kabatini, avipige picha kabla ya mchwa. Kisha apande hadi kwenye nyumba za mwisho kabla ya msitu, aanzie huko, ateremke nyumba kwa nyumba.