Kwaya Zetu na Shadda ya Kiswahili

Mwalimu wa kwaya akisifiwa hapa kwetu, husifiwa kwa sauti nne zilizokaa mahali pake, kwa waimbaji walioanza na kuishia pamoja, na pengine kwa mavazi. Neno lenyewe lililoimbwa huulizwa mwisho, au haliulizwi kabisa. Twaona kwamba hapo ndipo ilipo dosari kubwa ya kwaya zetu, za makanisani na za shuleni kadhalika.

Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajua kwamba shadda ya Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Anajua pia kuwa neno barabara likitamkwa hivyo ni njia, na shadda ikirudishwa nyuma silabi moja, maana yake huwa sawasawa. Lakini mwanafunzi huyo huyo akipanda jukwaani huikaza silabi ya mwisho kwa nguvu zote na kuirefusha mpaka pumzi imkatike. Kwa nini?

Sababu imo katika mahadhi tuliyoyapokea. Tutazame yale yaliyochapishwa Geneva mwaka 1551, ambayo Waingereza waliyatia Zaburi ya 100. Kila mstari una silabi nane; huanza kwa pigo jepesi na kuishia kwa pigo zito. Kiingereza, chenye maneno mengi ya silabi moja, hukaa humo bila taabu. Mshairi wetu naye ana kipande cha mizani nane, na akihesabu, hesabu inakubali. Kumbe katika shairi letu shadda ya mwisho iko kwenye mizani ya saba, na kina kinachofuata ni chepesi! Mahadhi yanakanyaga ya nane. Hesabu ni moja, mwendo ni miwili.

Liko na jambo jingine. Katika neno mtu, m ni silabi kamili, tena ndiyo yenye shadda. Vivyo hivyo n katika nchi. Waimbaji wakishindwa kuishikilia m midomo ikiwa imefumbwa, huongeza u, wakaimba mutu. Wengine huuita huo uhuru wa usanii. Sisi hatukubali: kosa linalosahihishwa darasani asubuhi halistahili kufundishwa jioni.

Wapo wasemao dawa ni kuyatupa mahadhi yote ya kigeni. Shauri hilo ni jepesi mno. Wimbo wetu wa taifa una mahadhi ya Enoch Sontonga, aliyeyatunga Afrika Kusini mwaka 1897, na hakuna anayetaka kuyaacha. Wala mahadhi ya makabila yetu, ambayo Howard Olson wa Makumira aliyakusanya na kuyatia maneno ya Kiswahili, hayaponyi yenyewe. Lugha nyingi za Kibantu zina toni, Kiswahili hakina. Kila wimbo hauna budi kupimwa peke yake.

Kipimo hakihitaji kinanda. Karatasi ya do-re-mi, aliyoieneza John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, ina kistari kilichosimama kabla ya pigo zito. Mwalimu na apige mstari chini ya kila silabi yenye shadda, kisha aone ni ngapi zimekaa baada ya kistari. Zisipokaa, ahamishe neno, au aigawe noti ndefu ya mwisho iwe mbili, ya pili nyepesi. Waimbaji wa zamani watanung'unika juma moja au mawili, kwani makoo yao yamekwisha kuzoea.