Mnazi Una Wenyewe Wangapi?

Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla tumezoea kuisoma kama kitabu cha machungu. Mshairi kafungwa, kaumia, kaandika. Mwanafunzi anataja "uvumilivu" kwenye mtihani, anapata alama zake, yameisha. Usomaji huo unakipunja kitabu. Abdilatif hakufungwa kwa huzuni, alifungwa kwa hoja.

Mwaka 1968, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, fomu za wagombea wa KPU, chama cha Oginga Odinga, zilikataliwa karibu kote nchini. Kijana wa miaka 22, mzaliwa wa Kuze hapa Mji wa Kale, akaandika waraka, Kenya: Twendapi?, ukasambazwa kwa siri. Swali lake ni la kikatiba kabisa: mpinzani ukimfungia mlango wa kura, wataka apitie wapi? Jibu la serikali likawa miaka mitatu jela, kwa kosa la uchochezi.

Sasa soma shairi lake la "Mnazi", alilotunga humo gerezani. Ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombania mti mmoja. Wengi huishia kwenye fumbo: mnazi ni Kenya, haya, tuendelee. Mimi kinachonishika ni umbo. Huyu anasema, yule anajibu, zamu kwa zamu. Hebu fikiria: mtu amenyimwa kusema, halafu anawapa wote wawili nafasi ya kujitetea, kwa vina na mizani kamili! Mvita si jambo geni hilo. Tangu enzi za Muyaka watu hapa wamejibizana kwa mashairi, na ukitungiwa ulitarajiwa kujibu, si kuita askari.

Ila shairi lina pengo, nami nahisi ni la makusudi. Sauti ni mbili tu. Hakuna kadhi, hakuna mzee wa mtaa wa kuamua, kwa hiyo ni vuta n'kuvute. Katiba ya 2010 ndiyo iliyojaribu kumleta huyo wa tatu: Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, na Mahakama Kuu inaweza kubatilisha sheria inayokwenda kinyume.

Kitabu kilitoka 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mwandishi. Ushairi ukavishwa taji. Waraka je, wewe umewahi kuusoma?