Wabeba Vyombo wa Tabora

Wakongwe wa Tabora wakikumbuka dansi lililowakolea kuliko yote, hutaja bendi ya Kiko Kids, Nyanyembe Jazz au Tabora Jazz, kisha mpiga solo. Fundi mitambo hatajwi. Mji wa wapagazi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo haujaishiwa wabebaji: wabeba vyombo vya bendi hufika ukumbini jua likiwaka, wakashusha spika zisizoinuliwa na mtu mmoja. Fundi huunga waya uliokatika, huuzungushia utepe, hupima maiki: “Moja, mbili.” Jenereta ikizimika, lawama ni zao, ikinguruma hadi majogoo, sifa ni za mwimbaji. Sisi tukienda kulala, wao wanakunja nyaya na kupakia gari. Kiingilio tulilipa mlangoni. Jasho lao bado tunadaiwa.