Mtoto, Ngoma na Mgeni Rasmi

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona ukurasa wa malezi leo unakuzungumzia ngoma. Usiufunike upesi. Hatukuiti uchezani; tunazungumza malezi yale yale, na anayelelewa ni mwanao.

Tuanze mbali kidogo. Wajapani wana ngoma zao ziitwazo taiko. Zamani zilipigwa katika mahekalu na sikukuu za vijiji, mpaka mwaka 1951 Daihachi Oguchi, mpigaji wa jazi, alipozikusanya kubwa na ndogo zikapigwa pamoja kama kikosi. Tangu mwaka 2002 mtaala wa huko umewataka wanafunzi wa skuli za kati wajifunze walau ala moja ya asili yao, na ziko skuli zilizochagua taiko. Na ufundishaji wake una taratibu. Kwanza mtoto huitamka ngoma kwa mdomo: "don" ni pigo la katikati ya ngozi, "ka" ni pigo la ukingoni. Mdomo ukishajua, ndipo mkono hupewa fimbo.

Sasa turudi kwetu, twende Dodoma. Kwa Wagogo, ngoma ya muheme ni ya wanawake. Mama huibana ngoma kati ya mapaja, akaipiga kwa viganja. Binti hakuandikishwa darasa lolote. Alikaa karibu na mama na shangazi zake, akasikiliza, akaiga, akakosea, akarekebishwa. Dkt. Kedmon Mapana, mwenyewe mwana wa Ugogo, ameutafiti muziki wa watoto wa kwao, akaonyesha pengo lililopo kati ya mtoto anavyojifunza nyumbani na anavyofundishwa skuli. Na huko Chamwino, tangu mwaka 2009, kumekuwa na tamasha la muziki wa Kigogo ambamo wakubwa na wadogo hukutana.

Basi kasoro iko wapi? Iko katika skuli zetu nyingi, za bara na za pwani. Ngoma hulala stoo mwaka mzima. Ikija habari kwamba mgeni rasmi anakuja, watoto hutolewa darasani, wakafunzwa siku tatu juani, wakapiga, wakapigiwa makofi, na ngoma ikarudi stoo. Hakuna aliyewaambia pigo lile lina maana gani, ngozi ile imewambwaje, wala kwa nini mama zao ndio waliokuwa wakiipiga. Hilo si funzo, ni pambo. Tena lina madhara: mtoto hujifunza kwamba urithi wa wazazi wake ni kitu cha kumfurahishia mkubwa, kisha hutupwa.

Utasema: "Sisi Waislamu ngoma inatuhusu nini?" Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya ala, na si hapa pa kuamua. Lakini dufu unalijua. Kijana wa madrasa anayepiga dufu katika Maulidi hufunzwa kungoja, kusikiliza, na kutompiku mwenziwe. Adabu hiyo ndiyo tunayoitaka. Kwa hiyo mwanao akiambiwa skuli akapige ngoma, usikatae kwa hasira wala usikubali kwa kupuuza. Nenda ukaulize: Nani anafundisha? Maneno ya nyimbo ni yapi? Wakati wa sala je? Mavazi ya mabinti je? Na baada ya mgeni kuondoka, somo litaendelea?

Hatuna haja ya kuagiza ngoma za Japani. Tuchukue taratibu yao tu: sikio kwanza, mkono baadaye. Na kule Dodoma, mama anayeijua muheme akaribishwe skuli, apewe kiti cha mwalimu na heshima ya mwalimu.

Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Ni kweli, haikeshi. Lakini mara nyingi ni kwa sababu hakuna mkubwa aliyekubali kukaa nao.

Wabillahi tawfiq.